Si ngoma iliyomuua Uza

Malalamiko tumeyazoea: kanisa limegeuka disko. Kinanda kinapigwa kwa mdundo wa sebene, ule wa muziki wa dansi wa Kongo, vijana wanayumba hatua chache kutoka altareni, mzee wa benchi la mbele anatikisa kichwa. Upande wa pili nao una andiko lake: "Msifuni kwa matari na kucheza" (Zaburi 150:4). Mzee anajibu kwa Paulo, kwamba mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu, na ubishi unaishia hapo.

Ningewarudisha wote kwenye 2 Samweli 6. Daudi analipandisha sanduku la Mungu kwa vinubi na matoazi. Ng'ombe wanaovuta gari lililolibeba wanakunguwaa, Uza, mmoja wa waliokuwa wakiliongoza gari, ananyosha mkono kulishika sanduku, anakufa papo hapo. Miezi 3 baadaye safari inaanza upya, na Daudi anacheza kwa nguvu zake zote hadi mkewe Mikali anamdharau. Shangwe ilikuwapo safari zote mbili. Kilichobadilika ni ubebaji: mara ya kwanza lilipakiwa kwenye gari la ng'ombe, ilhali Torati iliwataka Walawi walibebe mabegani, mara ya pili likabebwa inavyotakiwa.

Wakatoliki wa Kongo walilifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, Kardinali Joseph Malula akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misa kwa utaratibu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo. Humo watu wanacheza, mababu wanaitwa, altare inazungukwa kwa mwendo wa ngoma. Lakini kila kitu kina mahali pake. Toba, kwa mfano, haiko mwanzoni. Inakuja baada ya mahubiri, watu wakishalisikia Neno, kisha ndipo wanapeana amani. Papa Fransisko aliiadhimisha Misa hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro Desemba 2019. Anayesema mwili ukicheza basi kicho kimetoroka, ana kazi ya kuieleza Misa hiyo.

Hata hivyo mzee wa benchi la mbele hajakosea kila kitu. Kuna kelele inayomnyima mtu nafasi ya kusali. Baada ya komunyo, pale ambapo taratibu za Misa zenyewe zinatoa nafasi ya ukimya, kwaya nyingi huunganisha wimbo kwa wimbo, spika zikiwa juu, kana kwamba ukimya ni hitilafu ya mitambo. Na kwenye harusi, mpiga picha hupanda hadi ngazi za altare wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapowekwa wakfu, akainama mbele ya padri na kamera yake, na hakuna anayemgusa. Huyo hapigi ngoma wala hachezi. Katembea kimya kabisa, tena kavaa suti.

Ndiyo maana naona tunamkamata mtu asiyehusika. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alipowazuia wanasiasa kuhutubia waumini ibadani, tatizo halikuwa muziki. Ilikuwa mimbari kukabidhiwa mtu aliyekuja kutafuta kura. Mnada wa sadaka ni vivyo hivyo, mwenye noti nyingi akiitwa mbele kwa jina na kupigiwa vigelegele. Ibada inayotendewa hayo inaweza kuimbwa kwa nyimbo za kitabuni tangu mwanzo hadi mwisho, na bado ikawa imepakiwa kwenye gari la ng'ombe.

Sebene yenyewe inabaki ngumu. Aliyeijua baa kabla ya kuijua kwaya akiusikia mdundo ule anarudishwa kule kule, na kumwambia asifikirie baa ni kumwonea. Kijana aliyezaliwa kwaya ikiwa tayari inaupiga hana kumbukumbu hiyo. Kwake ni wimbo wa matoleo tu. Wanakaa benchi moja. Mimi ningemwachia kijana wimbo wake wakati wa matoleo, na baada ya komunyo ningezima spika.