Boston, Marchand na deni lisiloandikwa kwenye mkataba

Oktoba 21, 2025, mchezaji wa hoki ya barafu Brad Marchand alirudi uwanja wa TD Garden mjini Boston akiwa na jezi ya Florida Panthers. Mchezo ulisimamishwa kidogo, picha zake za miaka 16 zikapita kwenye skrini kubwa, uwanja mzima ukasimama kumshangilia, na machozi yakamtoka mbele ya watu. Kisha mchezo ukaendelea na Panthers wakashinda 4-3.

Miezi saba kabla ya hapo, mtu huyu alikuwa nahodha wa Boston Bruins. Machi 7, siku dirisha la kubadilishana wachezaji lilipofungwa katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, klabu ilimpeleka Florida baada ya kushindwa kuelewana naye kuhusu mkataba mpya. Alikuwa na miaka 36, tena majeruhi. Boston iliambulia haki ya kuchagua chipukizi mmoja miaka ya mbele.

Shukrani ya punda mateke, ndivyo anavyosema shabiki mwenye uchungu siku kama hiyo. Mwenzake humjibu kwamba biashara ni biashara, mchezaji anayezeeka hawezi kubebwa kwa sababu ya kumbukumbu. Naona wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanauzungumzia uaminifu kama hisia tupu. Katika ligi hii uaminifu una bei, na bei hiyo inahesabika.

NHL haiendeshwi kama soka, ambako klabu humuuza mchezaji kwa fedha. Huko wanabadilishana wachezaji, au haki za kuchagua chipukizi. Na tangu 2005 kuna kikomo cha mishahara kwa kila klabu. Msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 88 kwa kikosi kizima. Kwa hiyo milioni moja anayoongezewa mkongwe kwa heshima tu haimuumizi mmiliki peke yake. Inapunguza kilichobaki kwa mwenzake wanayekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na huenda ikawa ndiyo sababu kijana mzuri anaondoka. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa klabu, na wanaowalaani mameneja huiruka haraka mno.

Waulize Los Angeles Kings. Mwaka 2014 walitwaa Kombe la Stanley, taji la bingwa wa NHL, kwa mara ya pili katika miaka mitatu. Kiungo wao Mike Richards alikuwa ameshuka kiwango hadi kuchezeshwa safu ya nne, yaani ya mwisho, na mkataba wake ulikula milioni 5.75 kila msimu hadi 2020. Kiangazi hicho ligi ilikuwa bado imewaachia mlango: klabu ingeweza kumlipa sehemu ya fedha zake, ikamwachia, na jina lake likafutika kabisa kwenye hesabu za kikomo. Mlango ule usingefunguliwa tena. Meneja mkuu Dean Lombardi akaamua kutoutumia, kwa kuwa Richards alikuwa mmoja wa watu waliomletea makombe. Januari iliyofuata Richards aliwekwa wazi kwa klabu yoyote imtakayo, hakuna iliyomtaka, akateremshwa timu ya daraja la chini. Kings wakakosa hata hatua ya mtoano. Lombardi alifanya jambo la kiungwana, lakini wachezaji wengine ndio waliolibeba.

Chicago Blackhawks nao, baada ya makombe ya 2010, 2013 na 2015, walimpa beki Brent Seabrook miaka minane kwa milioni 55, wakaishia kutamani wangekuwa na fedha hizo kwa ajili ya wengine. New York Rangers walifanya kinyume. Mwaka 2020 walivunja mkataba wa kipa Henrik Lundqvist ukiwa umebaki mwaka mmoja, baada ya misimu 15, kwa sababu Igor Shesterkin alikuwa tayari kusimama golini. Iliuma. Hata hivyo, Lundqvist alikuwa akilipwa milioni 8.5 kwa msimu, mshahara ambao makipa wachache sana duniani wamewahi kuuona. Kwa fedha, sioni kwamba Rangers walimdhulumu.

Hapo ndipo Marchand anapotofautiana na Lundqvist. Septemba 2016 alisaini Boston miaka minane kwa milioni 49, yaani milioni 6.125 kwa msimu. Msimu uliofuata tu akafunga mabao 39, na 2018/19 akafikisha pointi 100, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Kwa miaka mingi Boston ilikuwa na mmoja wa washambuliaji bora wa ligi kwa bei ambayo klabu nyingine zilikuwa zinamlipa mchezaji wa kawaida. Nafasi iliyobaki chini ya kikomo ilisajili wengine.

Kuna jibu la haki kwa hili: hakuna aliyemshika mkono asaini. Na mkataba wa miaka minane ni kinga pia. Angevunjika goti mwaka wa pili, Boston ingeendelea kumlipa. Nakubali. Ila klabu hizi hizi ndizo zinazomwita mchezaji aliye kwenye ubora wake na kumwomba apunguze kidogo, kwa ajili ya timu, kwa ajili ya mji. Ukishautumia uaminifu kama hoja ya kupunguziwa bei, huwezi kuja miaka minane baadaye ukasema neno hilo halimo kwenye vitabu vya hesabu. Don Sweeney, meneja mkuu aliyemwondoa Marchand, analijua hili mwilini mwake: alicheza Boston misimu 15, akamalizia Dallas.

Wapo wanaosema hukumu imeshatoka, kwa kuwa Marchand alitwaa kombe na Florida Juni ileile, akifunga mabao sita katika fainali dhidi ya Edmonton. Mimi sikubali kwamba kombe ndilo linaloamua. Florida walimpa miaka sita akiwa na 37. Tuzungumze akifika 41. Na Vegas Golden Knights walitwaa kombe 2023, miaka miwili baada ya kumfanyia kipa Marc-André Fleury jambo baya.

Fleury alikuwa ndiyo kwanza ametunukiwa Vezina, tuzo ya kipa bora. Julai 2021 Vegas, wakitafuta kupunguza milioni saba zake, walimpeleka Chicago kwa mchezaji wa ligi ya chini. Wakala wake alisema Fleury aliipata habari Twitter. Walikuwa na sababu ya kifedha, lakini simu moja isingewagharimu hata senti.

Pittsburgh Penguins nao walimwachia mtu huyohuyo, 2017, Vegas ilipoanzishwa na kuruhusiwa kuchukua mchezaji kutoka klabu nyingine, huku kila klabu ikiweza kumlinda kipa mmoja tu. Wao waliongea naye mapema. Fleury mwenyewe aliridhia kuondoa kipengele kilichomlinda asihamishwe, ili wabaki na kijana Matt Murray. Alikuwa amewapa makombe matatu, na bado akawarahisishia kazi ya kumwacha.

Septemba 2025, akiwa na miaka 40 na ameshatangaza kustaafu, Pittsburgh walimsajili kwa majaribio kwa ajili ya mechi moja ya maandalizi dhidi ya Columbus. Katikati ya kipindi cha tatu wakamtoa kipa aliyekuwepo, Fleury akaingia na jezi yake namba 29 ya zamani, uwanja ukiliita jina lake, akasimama tena kwenye lango la klabu aliyoilindia misimu 13.