Dukani Wanauliza Mwaka, Gerezani Wanauliza Sampo

Nyumbani mna imani moja ambayo sijui nani aliwapa: kwamba ukiwa Marekani, gari likiharibika unabonyeza simu na kesho yake spea iko mlangoni. Kwa Camry ya 2012 ni kweli. Kwa pikapu ya Ford F-100 ya mwaka 1966, kama hii niliyonayo hapa Harrisburg, Pennsylvania, ni kweli nusu tu.

Nianze na hiyo nusu ya kweli, maana inastahili sifa zake. Injini ya pikapu yangu ni ile ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, inchi za ujazo 300, yaani lita 4.9. Ford walianza kuitoa 1965 na hawakuiacha mpaka 1996. Haina cheni ya taimingi, ina gia, na krenki yake imekaa juu ya beringi kuu saba. Injini iliyodumu kiwandani miaka zaidi ya thelathini huacha spea nyingi nyuma yake, kwa hiyo pampu ya maji, gasketi, plagi na filta nazipata kwenye duka la kawaida la mtaani, zikiwa mpya, kwa bei ambayo haiumizi. Hebu jaribuni kupata pampu mpya ya maji ya gari la 1966 pale Kariakoo.

Sasa angalia inavyoulizwa. Kijana wa kaunta ananiuliza mambo matatu: mwaka, aina ya gari, injini. Anaandika kwenye kompyuta, anataja bei. Kile nilichokifunga kwenye gazeti na kumwekea juu ya kaunta wala hakigusi. Mimi nimekulia kwenye gereji ya mjomba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwetu mtoto akitumwa spea anapewa kitu kimoja: sampo. Beringi iliyokufa, bush iliyolika, chochote kile. Muuzaji anaigeuza mkononi, anaipima kwa kaliparo au kwa jicho, anampigia kelele mwenzake wa stoo, na kinacholetwa kinawekwa ubavuni mwa kile cha zamani mbele yako. Gari ni la mwaka gani? Hakuna aliyeuliza, na hata mwenye gari mara nyingi hajui.

Zamani nilidhani huu ni ushamba wetu. Siku hizi sidhani hivyo. Kwetu sampo ni lazima kwa sababu boksi linaongopa. Namba imechapwa vizuri, jina la Kijapani limeandikwa, na ndani mna kitu kilichotengenezwa na mtu asiyejua gari lenyewe linafananaje. Jicho la muuzaji ndilo ukaguzi wa ubora pekee tulio nao. Huku boksi haliongopi sana, ndiyo maana kijana wa kaunta anaweza kuuza spea siku nzima bila kujua kazi yake ndani ya injini. Simdharau. Nasema tu kwamba ujuzi hauko kwake, uko kwenye karatasi zilizotangulia kompyuta yake.

Na karatasi hizo ndizo ninazowaonea wivu Wamarekani kuliko barabara zao. Tangu 1934 kuna kitabu kinaitwa Hollander, kilichoanza kwa ajili ya watu wa yadi za magari mabovu, na kazi yake ni moja: kukuambia kitu gani cha gari hili kinaingia kwenye gari lile. Halafu kuna namba za kiwandani. Kwenye silinda hedi ya Ford ya zamani utakuta maandishi yaliyosubuliwa pamoja na chuma chenyewe, mfano C5TE-6049-A. Hiyo C ni miaka ya 1960, 5 ni mwaka wa tano wake, T ni malori na pikapu, E ni idara ya injini, 6049 ndiyo namba ya msingi ya silinda hedi, na A ni toleo. Ukikuta D mwanzoni, hiyo ni ya miaka ya 1970. Haimaanishi chuma kilimiminwa 1965. Ni mwaka ambao mchoro wake ulitolewa, na chuma cha mchoro huo kinaweza kuwa ndani ya gari la 1967. Nikishajua hivyo, naweza kuinama juu ya lundo la vyuma vyenye kutu nikajua ninachoangalia bila kumuuliza mtu. Vitabu vya mafundi vya Ford vya miaka hiyo navyo vimechapwa upya, unanunua kama unavyonunua kitabu cha shule.

Nusu isiyo kweli inaanza pale gari linapokuwa limepita mikono mingi. Pikapu ya karibu miaka sitini si ile iliyotoka kiwandani. Mmoja alichoka breki za ngoma akaweka ekseli ya mbele ya miaka ya 1970 yenye breki za diski. Mwingine alibadili gia boksi. Wa tatu alikata waya na kuunga anavyojua yeye. Kompyuta inasema "1966" na inatoa kitu cha 1966, lakini mbele ya pikapu yangu hakuna 1966 tena. Hapo kijana wa kaunta anainua mabega, na mimi narudi kwenye gazeti langu.

Bahati yangu ni kuishi hapa. Mwendo mfupi kutoka kwangu kuna Carlisle, ambako tangu 1974 watu hukusanyika kwenye viwanja vya maonyesho kuuza na kununua magari ya zamani na vipande vyake. Upande wa pili kuna Hershey, mji wa chokoleti, ambako kila Oktoba chama cha wapenda magari ya kale cha AACA, kilichoanzishwa 1935, huandaa mkutano wake mkubwa. Maelfu ya vibanda. Ukitoka asubuhi na viatu vibaya, jioni utajuta.

Nilipoingia mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ni Gerezani. Maturubai yametandazwa chini. Kabureta zimepangwa, taa, vitasa, magurudumu, vibao vya namba. Bei zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha karatasi ya gundi, na bei hizo, tofauti na bei nyingine zote za nchi hii, zinapunguzwa. Unashika kitu, unakirudisha, unaanza kuondoka, unaitwa. Na watu wamebeba nini mifukoni? Sampo! Wazungu wazima wenye ndevu nyeupe, kila mmoja na kipande chake cha chuma kwenye mfuko wa plastiki, anakiweka ubavuni mwa kile cha kwenye turubai, anakodoa macho. Karatasi zao zimewafikisha hadi pale zilipoishia, na baada ya hapo wanafanya kama mjomba.

Wanaouza pale ndio washauri wenyewe. Mnunulie mzee kitu cha dola tano, muulize kwa nini breki inavuta kushoto, atakueleza mpaka wa nyuma yako aanze kukohoa. Wengi wanatoka vijijini, na bendera zilizo kwenye magari yao wakati mwingine zinasema mambo kuhusu wahamiaji ambayo mimi mhamiaji siwezi kusema hayanihusu. Sitawadanganya kwamba kabureta imefuta hayo. Lakini hakuna hata mmoja aliyeninyima jibu la swali la kiufundi, na mmoja alinipa kibebeo cha klachi bure kwa sababu, alisema, amechoka kukibeba kwenda na kurudi kila mwaka.

Ushauri wa kulipia ni jambo jingine. Gereji nyingi huku zinadai zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi, na fundi kijana akifungua boneti ya F-100 anatafuta mahali pa kuchomeka mashine ya kupimia. Hapapo. Kurekebisha pointi za distributa hajawahi, kabureta ameiona kwenye mashine ya kukatia majani. Kwa hili ninyi wa nyumbani mnashinda kabisa, wala hamjui. Kijana wa miaka ishirini anayetengeneza bodaboda Mbagala anafungua kabureta kila siku. Anajua boya la mafuta likikaa juu kidogo moto unakuwaje, anasikiliza mlio anakwambia hewa inaingia wapi. Kabureta ya Ford yangu ina tundu moja tu. Mpeni nusu saa aizoee, ataimaliza.

Tofauti nyingine: huku hawatengenezi kitu, wanabadilisha. Stata ikifa unanunua stata nyingine, na dukani wanakutoza nyongeza ambayo unarudishiwa ukipeleka ile mbovu, ili ikafumuliwe na kuundwa upya kiwandani. Ni utaratibu mzuri, taka inakuwa mali. Kwetu stata mbovu ingeishia kwa wapima vyuma chakavu. Ila kabla ya kufika huko, kwetu ingebadilishwa kaboni, ikawekwa bush mpya iliyokerezwa mtaa wa pili, ikarudi kazini jioni hiyo hiyo. Huku fundi wa kukereza yupo, ila foleni yake ni ya miezi.

Wanategemea sana vitu vilivyotengenezwa upya kwa mfano wa vya zamani. Vingine ni vizuri mno; kampuni ya Dennis Carpenter ya Concord, North Carolina, imejijengea jina kwa spea za Ford za kale zinazotengenezwa kwa leseni ya Ford yenyewe. Vingine ni balaa. Nilinunua kwa muuzaji mmoja, ambaye simtaji, mpira wa mlango ulionona kiasi kwamba mlango haukufungwa mpaka uupige bega. Nikaambiwa utalegea. Majira ya baridi yalikuja yakaondoka, haujalegea. Boksi, namba, picha, vyote vilikuwa sahihi. Muuzaji wa Kariakoo angeubonyeza kwa kidole gumba na kunikataza.

Mafuta nayo yana mambo yake, nitapita haraka. Madini ya risasi yaliondolewa kabisa kwenye petroli ya magari ya barabarani Marekani mwaka 1996, na Afrika kusini mwa Sahara ilipofika mwanzoni mwa 2006. Injini za zamani zilitegemea risasi ile kulinda viti vya vali, kwa hiyo hedi ikifunguliwa ni busara kuweka viti vigumu. Petroli ya huku ina ethanoli, inakula mipira ya zamani. Badilisha paipu zote za mafuta kabla hazijakuchomea gari.

Kinachonisumbua kuhusu wazee wa Carlisle ni kwamba wanakwisha. Watoto wao hawataki vyuma hivi. Mzee akifariki, gereji yake yote inapigwa mnada, na mjane anasimama kando akiangalia watu wakibeba masanduku. Nimenunua vitu vizuri kwenye minada hiyo na kila mara nimeondoka na huzuni kidogo. Hata hivyo namba iliyosubuliwa kwenye hedi inabaki, kitabu kinabaki, na mtu ambaye hakumjua marehemu anaweza kuendelea na gari lake.

Mjomba je? Mjomba anajua kila kitu cha injini za Toyota za dizeli, zile 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux: kipi kinahama kwenda wapi, kipi kinaonekana sawa lakini kitakuua barabarani Chalinze. Hollander yetu iko kichwani mwake, na kwenye kichwa cha kila fundi wa rika lake, Gerezani na kule Grogan Nairobi. Macho yake sasa yamepungua, na hakuna ukurasa hata mmoja. Nimemwomba mpwa wangu, anayesoma ufundi VETA, akae naye Jumapili na daftari la mistari, aandike tu: kitu fulani, kutoka gari fulani, kinaingia fulani, kwa kukata wapi. Kanijibu, "Anko, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni." Kiko wapi? Nimekitafuta. Nimekuta watu wa Australia wakibishana.

Mwisho, ninyi mnaoniandikia niwatumie Mustang ya zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania linaingia, ila utalipa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, kwa gari lenye usukani kushoto kwenye nchi tunayoendesha kushoto, halafu kila mpira na kila kioo utaniagiza mimi. Sitaki kazi hiyo. Wakati huohuo Wamarekani wanatoa makumi ya maelfu ya dola kwa Land Cruiser FJ40, gari ambalo nyumbani bado linabeba majani ya ng'ombe.

Kama hamu ya gari la kale imekushika kweli, tafuta Land Rover 109. Zilikuwa zinaunganishwa Thika, Kenya, usukani uko upande wetu, spea zake bado zinatengenezwa Uingereza, na mafundi waliozijua hawajaisha wote. Bodi ni aluminiamu, kwa hiyo rangi nzuri isikubabaishe. Lala chini uangalie chesisi ya chuma, hasa boriti ya nyuma kabisa inayolala kukatisha gari, maana ndiyo inayooza kwanza. Igonge kwa nyundo ndogo kutoka mwisho hadi mwisho kabla hujataja bei.