Saa ya ukutani imenilipisha eksirei

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya jirani yangu Juma: hapana, sikuwa namzamisha mbwa bombani. Nilikuwa namsuuza mdomo. Na zile kelele ni zangu, mbwa alikuwa katulia zake.

Jana jioni natoka kuoga, namkuta mbwa wangu Bosi, miezi mitatu tu duniani, kajilaza mkekani na rimoti imekuwa makombo. Pembeni betri moja ya AA ina matundu ya meno, inavuja. Ya pili haipo. Rimoti inakula betri mbili. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Uani kila mtu daktari. Juma: mnyweshe maziwa. Mama wa chumba cha mbele kaja na mkaa uliotwangwa. Mwingine kakoroga maji ya chumvi ili atapike. Nikakataa, na hapa naomba heshima yangu. Maji ya betri hizi ni alkali, yanaunguza. Ukimtapisha yanapita kooni mara ya pili. Mkaa hauyanasi, unamchafulia daktari mdomo wa kukagua tu. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Cha kufanya ni maji safi ya uvuguvugu, dakika 15 hadi 20, kichwa kikiinama yamwagike nje yasimpalie. Vaa glovu (mimi nilivaa mifuko ya mkate, ndiyo, hiyo picha ni ya kweli). Makombo ya betri nenda nayo kliniki. Na kama ni ile bapa kama kifungo, kimbia hivyo hivyo: ikikwama kooni, saa mbili zinatosha kuunguza.

Basi, kliniki. Picha ya kwanza: hakuna betri. Daktari akamlaza ubavu, akapiga ya pili. Hakuna.

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Hiyo rimoti ilikuwa inafanya kazi?"

"Hapana daktari, imekufa tangu Jumapili."

Juma akaacha kutafuna karanga. Kimya. Kikabaki kitu kimoja tu kinachosikika mle ndani: saa ya ukutani. Tik. Tik. Nikainua macho nikaitazama. Tik. Nikajiona, Jumapili, juu ya stuli, natia betri nyuma ya saa yetu, najisifia kwa kubana matumizi.

"Daktari," nikasema, sauti imenikauka, "nadhani najua ilipo."

Nikalipa picha zote mbili. Bosi ana kidonda kimoja ulimini, kapewa dawa ya kulinda tumbo na uji laini. Tunamwangalia mdomo mpaka kesho maana vidonda vingine huchelewa kutokea. Voisi ya Juma ilifika nyumbani kabla ya bodaboda yetu.

Na hiyo saa, kwa taarifa yenu, iko nyuma dakika kumi.