Gari la Mbio, Mji wa Baiskeli

Mwezi uliopita nilipitwa na baiskeli. Si kwenye mlima, si kwenye foleni. Barabara tupu, lami safi, mimi nimo ndani ya Corolla 110 yangu, mguu umekandamiza mafuta mpaka kidole gumba kinaniuma. Mzee mmoja kapakia mkungu wa ndizi nyuma, kofia haikumtoka kichwani, akaja akanipita. Tena akageuka akanisalimu: "Hujambo bwana? Watoto hawajambo?" Salamu ile ndiyo iliyoniuma. Mtu akikupita kwa jeuri utasema huyu ana ushindani. Akikupita huku anakuulizia watoto, wewe si mshindani, wewe ni mgonjwa.

Najua Tanga ni mji wa baiskeli, wala sina ugomvi nazo, nimekulia kwenye keria ya baba yangu. Lakini kila jambo lina mpaka. Palepale nikaapa: nauza hili, nanunua gari la mbio. Nina miaka 48 na tangu nizaliwe sijamiliki kitu chenye kasi isipokuwa mshahara.

Hili langu ni la mwaka 1998, namba A. Siku hizi gari haliulizwi mwaka, linaulizwa herufi ya namba yake ya usajili, na A ndiyo ya kale. Watu wanatembelea namba E huko, mimi nikifika harusini na namba A naelekezwa nikapaki kule kwenye masufuria, wakidhani nimeleta kuni. Chumvi ya bahari imelila kutokea chini. Sakafu ya nyuma upande wa kushoto imetoboka, nimeziba kwa ubao, na masika yakianza abiria wangu wananyanyua miguu wenyewe bila kuambiwa, kama wako ndani ya ngalawa. Kioo cha dereva kinapandishwa kwa viganja viwili na bismillahi. Honi inalia nikikata kona ya kulia tu, nitake nisitake. Kilomita zimesimama kwenye 298,000 tangu mwanangu wa mwisho yuko chekechea, na sasa ana ndevu.

Injini, lakini? Haina neno. Hapo ndipo nilipokwama. Ingekufa ningelia siku tatu, nikauza chuma chakavu, nikawa mtu huru. Haifi. Unabadilisha oili, unaitupia mkanda wa taimingi wakati wake ukifika, inawaka. Kila nikimuuliza fundi kama imekwisha, ananitazama kwa huruma: "Mzee wangu, hii itakuzika wewe."

Kosa langu lilikuwa kuisema nia yangu kwenye kijiwe cha kahawa. Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, na mimi nasema kwa uhakika kila barabara ina mtaalamu wa magari asiyekuwa na gari. Sikumaliza kikombe cha kwanza, nimeshapewa gari sita.

Mwenyewe nilikwenda na jina langu mfukoni: Altezza. Naipenda tangu ujanani, kama mtu anavyompenda binti wa mtaa wa pili aliyeolewa na mwingine. Toyota waliitoa 1998, mwaka uleule lilipozaliwa hili langu, na Wajapani wakaipa tuzo ya gari la mwaka. Yaani hawa ni marika. Mmoja kaenda chuo, mwingine kabeba magunia. Ile yenyewe hasa ni RS200: pistoni nne, lita mbili, ya gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210, gia sita, inasukuma kwa tairi za nyuma kama gari la kiume. Ndani, saa kubwa ya dashibodi ina visaa vidogo ndani yake kama saa ya mkononi ya tajiri. Zile taa zake za nyuma dunia nzima ilizikopi, mpaka watu wenye magari ya ajabuajabu wakawa wanazibandika.

"Altezza ni gari la vijana wa kuvunja ndoa," akasema muuza kahawa. Yeye ana wake wawili na baiskeli moja.

Kundi la Subaru likainuka. Hawa hawazungumzi, wanahubiri. Injini ya Subaru pistoni zake zimelala, zinatupiana ngumi kushoto na kulia kama mabondia, ndiyo maana mngurumo wake haufanani na wa gari lolote. Kweli tupu, ukiisikia Impreza inapita usiku moyo unaruka. Nikauliza swali dogo tu: plagi zinabadilishwaje, kama injini imelala na vichwa vyake vimegusana na ubavu wa bodi? Kimya. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba fundi wake yuko Dar. Basi. Kilomita 350 kwenda kubadilishiwa plagi, gari nalipenda lakini si mke wa nje.

Mark X nikaiona mwenyewe kwamba hapana. V6, lita mbili na nusu, inateleza kama samaki, na karibu kila kijana anayetaka kuoa haraka anayo. Lakini mimi nikisikia V6 nasikia pampu ya petroli. Nyumbani kwangu mwenye haki ya kunywa bila kuulizwa ni mama mkwe peke yake.

Aliyenitikisa kidogo ni kijana mmoja kimya, anauza vocha pembeni pale. "Mzee, tafuta Runx ya Z," akasema. Nikacheka. Runx, kigari cha mwalimu? Akaniambia ile Z ya Runx ina injini ya lita 1.8 yenye farasi 190, na kwamba waingereza wa Lotus waliichukua injini hiyohiyo wakaitia kwenye Elise yao. Ukienda taratibu ni gari la mwalimu. Ukiipandisha mizunguko ikapita elfu sita, kemu zinazofungua vali zinabadilika, mwalimu anatupa chaki. Nikaitaka palepale. Nimezunguka wiki mbili Tanga nzima, kila Runx niliyoiona ni ya mwalimu kweli.

Nikafikiria kuagiza Japani. Bandari si tunayo hapa, nitashuka na ndala kwenda kulipokea. Nikakaa na kikokotoo. VAT asilimia 18, hiyo hata kwenye sabuni ipo. Halafu nikakuta gari lililopita miaka kumi linatozwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Hapo nikaweka kalamu. Altezza mpya kabisa kuliko zote imefungwa 2005, hakuna itakayopona. Nikajitazama kwenye kioo: mgongo, magoti, meno mawili ya nyuma. Mimi nikishushwa bandarini leo, uchakavu wangu utazidi bei ya kununulia.

Ndipo dalali akanipigia. "Mzee, RS200 imepatikana, gari imetulia." Nikamjibu limetulia, bwana, gari *limetulia*, hapa ni Tanga, usituharibie lugha ukatuuzia na mkweche. Akasema bei maelewano, kadi mkononi, injini haijaguswa. Neno "haijaguswa" huwa linanitia wasiwasi. Gari la miaka ishirini na ushei halijaguswa injini, oili alikuwa anabadilisha nani, malaika?

Nikaenda na fundi wangu. Lo, jekundu! Rimu zinameta. Nyuma kibandiko cha RS200 kimekaa upande, kama kofia ya mtu aliyelewa. Nikakaa ndani, visaa vyangu vile vikanitazama, nikasahau jina la mke wangu. Nikaangalia gia: otomatiki. Nikasema sawa, mguu wa kushoto upumzike. Fundi akafungua boneti, akainama, nikamsikia anahesabu kwa kidole: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Akanyanyuka taratibu. "Mzee, RS ina pistoni nne. Hii AS. Farasi 160."

Dalali hakutikisika hata kope. "Sasa si ndiyo bora? Umeongezewa pistoni mbili bure!"

Nikasema hata hivyo nitalijaribu, maana nimeshakaa. Tukashika barabara ya kwenda Raskazone, bahari ile pale, upepo, nikajiona kijana. Nikakanyaga. Wallahi lilisogea! Mgongo ukashika kiti, tumbo likabaki nyuma likaja baadaye. Nikafika sitini. Tuta. Nikapunguza, nikalipanda kwa adabu, chini ya gari kukakwaruza kama mtu anakwangua ukoko. Nikakanyaga tena. Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo. Meno yale mawili ya nyuma nikayasikia. Nikakanyaga tena. Mbuzi. Nikamwambia dalali tutoke nje ya mji basi, njia ya Muheza, huko kuna nafasi. Huko kuna kibao cha 50, kijiji, kibao cha 50, kijiji kingine. Na tochi ya trafiki ya kupimia mwendo hujui iko nyuma ya mwembe gani, ila unajua ni shilingi 30,000. Altezza hamsini inaifika kabla hujamaliza kusema hamsini. Nikawa nimekaa ndani ya farasi 160, nimewafunga wote, natembea nao kwa mguu.

Na nyuma yangu, katika kioo, naona kibasi kinapiga honi nisogee.

Nikarudi nyumbani kimya. Mama watoto alikuwa barazani anachambua mchele, hakuinua macho. "Umelipata?" Nikamwambia nimeliona, jekundu, limekaa vizuri, lina AC inayotoa baridi na si vumbi. Nikampa habari za tuzo ya Wajapani. Nikampa habari za taa za nyuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, mwanamke huyu ana subira, akauliza swali moja.

"Linafungwa keria?"

Nikamwambia mama, lile ni gari la michezo.

"Nimesikia. Mama kapiga simu kutoka Muheza, machungwa yameiva, kasema magunia manne. Jumamosi shoga yangu anaozesha, nimeshamwambia masufuria utapeleka wewe. Na yule mjamzito wa nyumba ya tatu siku zake zimekaribia, mumewe kaniuliza kama usiku atakugongea umpeleke hospitali ya Bombo. Nimemwambia agonge tu." Akapeperusha makapi. "Nauliza linafungwa keria au halifungwi, baba watoto. Habari za Wajapani sijakuuliza."

Sasa mtu atasema wewe ndiye mwenye gari, sema hapana. Huyo hajaishi Makorora. Hapa gari lina dereva, halina mwenyewe. Hili langu limezaa watoto watano wa watu, limezika wazee siwahesabu, na siku moja limebeba jogoo, dua na bwana harusi kwa safari moja. Lile jekundu litajifunzia wapi hayo? Mjamzito ataingiaje kiti kilicholala chini vile, na akishaingia, nani atamtoa?

Usiku nikampigia dalali. Sikumuuliza kadi wala bei.

"Bwana, Altezza inafungwa keria?"

Akanyamaza kidogo. "Mzee, ulisema unataka gari la mbio."

"Nalitaka. Linafungwa au halifungwi?"

"Juu ya lile jekundu?"

"Magunia manne tu. Ya machungwa, si mazito kama ya mahindi."

Akakata simu. Nimempigia mara mbili, hapokei.

Asubuhi nimetoka na namba A. Kona ya kulia honi imelia, watu wamenipungia. Yule mzee wa baiskeli alikuwa mbele yangu, leo kapakia godoro la futi tano, limeshika upepo kama tanga. Nikakandamiza mafuta nimfikie, angalau nami nimuulizie watoto.