Nitapumua Vipi Ripoti Ikidaiwa Saa Nne?

Siku hizi kampuni ikitaka kuonyesha kwamba inawajali wafanyakazi wake, hainunui viti vipya wala haiajiri mtu wa pili wa kusaidia kazi. Inanunua programu ya simu. Barua pepe inatoka makao makuu Nairobi ikisema kwamba kuanzia leo kila mfanyakazi amepewa bure programu ya kupunguza msongo wa mawazo na kujenga ustahimilivu, bonyeza kiungo hapa chini ujisajili. Sisi wa Kisumu tunaisoma tukiwa mlangoni, kofia ya bodaboda mkononi, tukielekea kukusanya marejesho.

Mimi ni afisa mikopo. Wateja wangu wengi ni akina mama wa soko la Kibuye na wauza samaki wa upande wa Dunga, na nimezitumia programu hizi kwa muda wa kutosha kuwa na neno la kusema. Zinasaidia, lakini mahali padogo sana. Na mwajiri anayezigawa bila kugusa ratiba ya kazi anatuomba tustahimili mambo ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyapunguza bila kutumia hata shilingi.

Nizitendee haki kwanza. Lile zoezi la kupumua si uganga. Ukivuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni unapata nafasi ya kuutuliza mwili, na mapigo ya moyo yanapungua. Nimelifanya nyuma ya vibanda vya mitumba, kabla ya kumkabili mteja ambaye najua hana pesa na yeye anajua kwamba najua. Unaingia ukiwa na sauti ya binadamu. Zile sauti za kukuletea usingizi nazo sizidharau, maana yupo mwenzangu aliyekuwa akilala saa nane za usiku ambaye sasa analala saa tano.

Sehemu iliyonifungua macho zaidi ni ile ya kurekodi hisia. Kila jioni simu inakuuliza umeshindaje, unachagua kijisura kimoja kati ya vitano, kuanzia kinachocheka hadi kinacholia, na mwisho wa mwezi unaletewa mchoro. Niliutazama mchoro wangu nikauona umefanana kabisa na kalenda ya ofisi. Jumatatu, chini. Siku ya kufunga hesabu za mwezi, chini zaidi. Jumamosi mchana, juu. Hapakuwa na siri yoyote ya nafsi yangu pale, ilikuwa ni ratiba ya ripoti iliyovaa sura. Nayo programu, baada ya kukusanya ushahidi wote huo, ikanishauri nitafakari dakika kumi kila asubuhi.

Hapo ndipo ninapoachana nayo. Imepima kazi, halafu dawa imemwandikia mfanyakazi.

Ngoja nieleze ripoti yenyewe, maana aliye nje ya kazi hii huenda akadhani nalalamika bure. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ifikapo saa nne asubuhi kila afisa anatakiwa awe ametuma kwenye kundi la WhatsApp la tawi kiasi alichokusanya na kiasi alichotarajiwa kukusanya. Saa nne mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, bado anaanika au anangoja wateja wa kwanza. Atakulipa kwa pesa ya nani? Kwa hiyo unatuma namba ndogo, inasomwa na wote, na meneja anaijibu kwa alama ya kuuliza. Alama tu, hakuna neno. Jioni, watu wakiwa mezani na watoto, kundi linaamka tena: "Nani bado hajatuma?" Majina yanafuata. Kisha majibu yanashuka moja chini ya jingine, "Sawa bosi", "Sawa bosi", "Sawa bosi", na asiyejibu anaonekana, kwa sababu zile tiki za buluu hazimfichi mtu.

Halafu katikati ya majibu hayo inaingia arifa laini kutoka kwenye ile programu: umekumbuka kujitunza leo?

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alitoa hoja ambayo hadi leo haijachakaa. Alisema kazi inayomwumiza mtu si ile yenye mengi ya kufanya tu, bali ile yenye mengi ya kufanya huku mwenyewe hana uamuzi juu ya namna ya kuyafanya. Naielewa hoja hiyo bila kusoma vitabu. Magugu maji yakiziba ghuba, mashua hazitoki, samaki hawaji, marejesho hayaji, na namba yangu inaanguka. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane, na tarehe za kufungwa zinajulikana mapema, lakini lengo langu la mwezi halijawahi kupunguzwa kwa ajili ya omena. Siwezi kuyaamuru maji. Ninachoruhusiwa kuamua ni aina ya muziki wa kutuliza mawazo, wa mvua au wa ndege.

(Kuhusu sauti zenyewe: programu mbili kubwa zaidi, Headspace iliyoanzishwa mwaka 2010 na Calm ya mwaka 2012, zilizaliwa Uingereza na Marekani, na unalisikia hilo. Unaambiwa utafute mahali tulivu, uketi, ufumbe macho, ujione uko ufukweni peke yako. Ofisi yetu iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Na ufuo ninaoujua mimi una moshi wa samaki wa kukaanga na mtu anayekuuliza kama unapanda mashua.)

Shirika la Afya Duniani lilipoingiza uchovu wa kazi kwenye toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2019, halikuuandika kuwa ni ugonjwa. Liliuweka kama jambo linalotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Mwaka 2022 shirika hilo hilo likatoa miongozo ya afya ya akili kazini, na humo mafunzo ya mtu binafsi ya kukabili msongo yamo, lakini hayako peke yake. Yapo mapendekezo ya kubadilisha kazi yenyewe, na yapo ya kuwafunza mameneja. Kwa hesabu zake, huzuni ya kupindukia na wasiwasi huugharimu ulimwengu siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, pamoja na takriban dola trilioni moja. Waajiri hupenda sana kunukuu takwimu hiyo ya dola. Ukurasa wa mameneja wanauruka.

Mtafiti wa Oxford, William Fleming, alichapisha mwaka 2024 uchunguzi wa wafanyakazi 46,336 katika mashirika 233 ya Uingereza. Aliwalinganisha waliotumia huduma za mtu mmoja mmoja, zikiwemo programu za simu na mafunzo ya ustahimilivu, na wale wasiozitumia. Hakuona kwamba waliozitumia walikuwa na hali bora. Huduma pekee iliyoonekana kwenda na hali bora ni nafasi ya kujitolea kufanya kazi za hisani. Mtu anaweza kujibu kwamba utafiti huo ulipiga picha ya wakati mmoja tu, na kwamba huenda wanaojisajili ni wale ambao tayari wameelemewa. Ni hoja ya haki. Ila hata ukiikubali, bado hujaonyesha kwamba programu inatosha, na idara za rasilimali watu zinazinunua kana kwamba zinatosha. Tena watu hawazitumii kwa muda mrefu. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia programu 93 za afya ya akili ulikuta kwamba kwa ile ya wastani, baada ya siku 30 ni asilimia 3.3 tu ya walioipakua waliokuwa bado wanaifungua.

Suala la faragha ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine, na huku kwetu halizungumzwi. Programu inayonunuliwa na mwajiri huja na ahadi kwamba ofisi itapata ripoti ya jumla tu, isiyotaja majina. Kwenye kampuni ya watu elfu tano, sawa. Lakini tawi letu lina watu tisa. Ripoti ikisema wawili kati ya wafanyakazi wa tawi hili wako katika hali mbaya, mfagizi atakutajia ni akina nani kabla chai haijapoa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na mwajiri hana ruhusa ya kuzichezea. Hata hivyo, sheria haimzuii bosi kukisia.

Wenye programu wenyewe nao si wa kuaminiwa kwa kufumba macho. Mwaka 2022 shirika la Mozilla lilikagua programu 32 za afya ya akili na za maombi, likazibandika 28 onyo kuhusu faragha. Mwaka uliofuata tume ya biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka habari za wateja wake kwenye mitandao kama Facebook kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi kwamba zingekuwa siri.

Zile zinazozungumza nawe kama mtu, nazo zinaweza kuondoka bila hodi. Woebot, mojawapo ya zilizosifiwa sana, ilifunga programu yake mwishoni mwa Juni 2025. Mtu aliyefika mahali pa kutotaka kuamka asubuhi aende hospitali akaonane na mhudumu. Hilo si la simu.

Tuliwahi kuletewa meneja wa muda kutoka Nakuru, mama mmoja mpole wa maneno lakini mkali wa hesabu. Wiki yake ya kwanza aliisogeza ripoti ya saa nne hadi saa tisa alasiri na akasema baada ya saa moja jioni asione ujumbe wowote kwenye kundi, wake ukiwemo. Hakufanya mkutano. Alituambia tu, "Nendeni mwonane na wateja kwanza, namba zitakuja." Na zilikuja, kwa sababu saa tisa ndiyo saa ambayo soko lina pesa. Nilipokuwa nikibonyeza vile vijisura kipindi hicho, Jumatatu zangu zilipanda hadi katikati. Alipoondoka, ripoti ilirudi saa nne na Jumatatu zikarudi chini. Makao makuu hayakuuliza alifanyaje. Yalituletea kiungo.

Nikisema hivi huambiwa kwamba nataka starehe. Ninachotaka kimo vitabuni tayari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Ni wangapi mnaozichukua bila kompyuta mkobani? Mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi, na chama cha waajiri kikaupinga. Ufaransa walianza na sheria ya namna hiyo Januari 2017, na kampuni zao hazijafungwa. Kumpa afisa mikopo programu ya kupumua huku kundi likimwita usiku ni sawa na kumgawia dereva wa matatu dawa ya mgongo huku barabara ikiachwa na mashimo yake.

Ukishaletewa kiungo, utakipokea tu, na mimi nilikipokea. Basi jisajili kwa barua pepe yako binafsi, wala si ya ofisi. Kama mfumo unalazimisha ya ofisi, fanya mazoezi ya kupumua na uache ukurasa wa kuandika shajara mtupu. Nyima programu ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako na ya kujua ulipo, haivihitaji hivyo kukufundisha kuvuta pumzi. Pakua sauti unazozipenda ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa sababu zinakula bando. Arifa zake zima. Kama unaijaribu kwa pesa yako mwenyewe, angalia tarehe ya mwisho ya majaribio ya bure, maana ada ya mwaka mzima hukatwa mara moja na kuirudisha ni safari. Na ule mchoro wa mwezi upige picha uuhifadhi. Siku ya tathmini, meneja akikuuliza changamoto zako ni zipi, mfungulie aone Jumatatu.