Ukisusa, wenzio wala

Kwetu Ngamiani, Tanga, mtoto akisusa chakula haitishwi kikao. Bibi yangu alikuwa na maneno matatu tu, "Susa, wenzio twala", na mikono ikaendelea kuingia kwenye sinia. Ila usiku ukienda jikoni kwa kunyata, unakuta sahani imefunikwa kawa. Hakuna anayesema ni ya nani.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Leicester, katikati ya Uingereza, na kila kiangazi naajiriwa kufundisha uchapaji wa vitambaa kwa vijana wa miaka 14 hadi 18. Ofisini wana majina marefu ya kuwaita. Mimi nawaita waliosusa, maana ndivyo walivyo. Shule ipo, tena bure, na tangu mwaka 2015 sheria ya huku inamtaka kijana abaki kwenye masomo au mafunzo hadi afikishe miaka 18, lakini hawa wameisogeza sahani. Wengine wamefukuzwa shule. Wengine wamepita mahakamani, kwani huku hata mtoto wa miaka 10 anaweza kushtakiwa kwa jinai.

Kwa nini kiangazi? Shule hufungwa kama wiki sita kuanzia Julai, na jua linazama saa tatu usiku. Kijana asiye na pa kwenda ana mchana wa saa kumi na sita mbele yake. Vilabu vya vijana vilivyokuwa vikiwapokea vimefungwa kwa wingi tangu mwaka 2010, halmashauri zilipokatiwa fedha. Vyuo vya sanaa vya kiangazi kwa vijana walio chini ya amri za mahakama vilianza Uingereza na Wales mwaka 2007, saa 25 kwa wiki, kusoma na kuhesabu kukiwa kumefichwa humohumo ndani ya sanaa. Mpango wetu umefuata njia hiyo, kwa wiki tatu. Kijana akimaliza anapata cheti cha Arts Award, ngazi ya shaba. Ili akipate inabidi afanye sanaa kwa mikono yake, aende kutazama kazi za wengine, amchunguze msanii anayemhusudu, kisha amfundishe mwenzake kitu anachokijua. Hilo la mwisho ndilo lenye akili kuliko yote. Kijana ambaye miaka yote ameambiwa hajui, leo anaulizwa unajua nini cha kumpa mwenzio.

Kiangazi kilichopita waliandikishwa tisa. Asubuhi ya kwanza wakaja wanne. Mimi, kwa malezi yangu, nikaanza kugawa aproni nne. Mwenzangu, mama mmoja wa Kiingereza aliyeifanya kazi hii miaka mingi, akachukua funguo za gari. Alizunguka kugonga milango. Akarudi na watatu, mmoja kavaa ndala na suruali ya kulalia. Hakuwagombeza, aliwaambia tu kwamba chakula ni saa sita. Siku ya tatu akaenda kuwafuata wawili waliobaki.

Nilipomsimulia mjomba wangu kwa simu kwamba kijana aliyefukuzwa shule anafuatwa kwa gari, analipiwa nauli ya basi na kupewa sandwichi, alicheka mpaka akakohoa. "Huku angefuatwa na mgambo," akasema.

Nami nilicheka, lakini moyoni niliona wivu. Mimi nilifeli kidato cha nne. Nilikaa kijiweni miezi kadhaa, kisha nikajisogeza kwa fundi mmoja mchora mabango. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nusu mwaka kazi yangu ilikuwa kuosha brashi kwa mafuta ya taa na kupiga msasa mabati. Herufi ya kwanza niliyoruhusiwa kuijaza rangi ilikuwa O ya HOTELI. Tulianza wanne, tukabaki wawili. Wale waliokoma kuja hakuna aliyewaulizia, si fundi wala sisi wenzao. Susa, wenzio twala, na safari hii hapakuwa na sahani jikoni.

Najua wazee watasema ule nusu mwaka wa brashi unafundisha subira. Mimi ulinifundisha. Wale wawili uliwaonyesha mlango. Huku kabla ya saa sita ya siku ya kwanza kila kijana ameshachapa kitu, hata kama ni jina lake lililopinda, na naamini hapo wametuzidi.

Tulichapa kanga. Nilileta mbili za mama yangu nikazitandaza mezani: hili pindo, huu mji, na hapa ndipo jina linapokaa. Wavulana waliguna, hii si nguo ya akina bibi? Mmoja akauliza kama inatengenezwa Afrika, ikabidi nikiri kwamba kwa miaka mingi kanga zetu zilichapwa India, Japani, hata Helmond kule Uholanzi. Nikawaeleza kazi ya jina. Mwanamke anamnunulia jirani yake kanga yenye maneno, anampa kwa tabasamu, na jirani akifika nyumbani na kusoma anajua amepigwa kijembe. Hapo wakaamka. Kumbe ni kumposti mtu bila kumtaja! Binti mmoja, aliyekuwa hajatoa neno kwa siku mbili, akachukua lile umbo la korosho na kuligeuza kiatu cha raba. Pindo likawa mnyororo wa baiskeli.

Bafta tulinunua Belgrave Road, kwa mama mmoja wa Kigujarati mzaliwa wa Jinja. Leicester ni mji ambao mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, halmashauri yake ilitia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja, na leo mtaa ule unanukia bizari. Kati ya vijana wangu alikuwapo mmoja aliyezaliwa Bukavu, Kongo. Mama yule alipotusikia tukiongea alitutazama juu ya miwani akauliza kwa Kiswahili, "Hawa watoto wa nani?" Kijana akabaki mdomo wazi, Mhindi anasema lugha ya nyumbani kwao! Mimi nilikwama kwenye swali lenyewe. Faili zao ninazisoma, zina tarehe za makosa, dawa wanazotumia, na watu wasioruhusiwa kukutana nao. Swali la yule mama hakuna karatasi inayoliuliza. Na kanuni zinanikataza kueleza mpango wetu ni wa vijana wa aina gani. "Wangu," nikasema. Akatupunguzia bei.

Sasa kuhusu visu. Ili kuchapa kwa skrini, ule wavu wa kupitishia rangi, namna yetu ilikuwa kukata karatasi ya umbo, na visu vya kukatia tulivihesabu asubuhi vikitoka na jioni vikirudi, vinane kwa vinane, mbele ya wote. Mtu wa zamu hutangaza kwa sauti, "Visu vimetimia." Wiki ya pili tukakaa kutafuta jina la kanga yetu. Vijana ambao mwalimu wa Kiingereza hajawahi kuwatoa sentensi moja waligombania maneno manne kutwa nzima, herufi ngapi zinaingia, koma ikae wapi, neno lipi lina ukali. Wakamaliza hivi: VISU VIMETIMIA, SISI JE? Kijana wa Bukavu ndiye aliyewapa Kiswahili chake.

Msimamizi hakufurahi. Neno visu kwenye kazi ya vijana wa aina hii, wageni wa halmashauri watasemaje? Akaomba tutafute jina lenye matumaini. Nilimweleza kwamba jina la kanga likishampendeza kila mtu linakuwa si jina tena, ni tangazo la benki. Tulivutana siku mbili. Likabaki.

Ijumaa ya mwisho tukafanya maonyesho. Kanga saba ukutani, juisi, keki, wazazi wachache, hotuba fupi. Kijana wa Bukavu alimzungumzia msanii wake, Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan Aprili 2016 na kufariki. Alivyoeleza mavazi yake ungedhani alikuwapo kumfunga vifungo. Picha zikapigwa. Kisha tukakunja meza.

Na Jumatatu? Jumatatu hapana kitu. Ugomvi wangu na Uingereza umekaa hapo. Wamejua kumfuata kijana mlangoni, wamejua kumpa chombo mkononi siku ya kwanza, halafu baada ya wiki tatu wanamrudisha palepale walipomtoa, kwa kuwa bajeti ilikuwa ya wiki tatu. Namba yangu ya simu siruhusiwi kumpa. Kumwalika nyumbani aje kuchapa Jumamosi ndiyo kabisa. Siikejeli kanuni hiyo, imewekwa kwa sababu watoto wameumizwa na watu wazima waliojifanya wema. Lakini matokeo yake ni kwamba anayemjua kijana ndiye anayekatazwa kuendelea kumjua.

Fundi wangu wa Tanga hakuwa na bajeti wala cheti, na mwisho pia hakuwa nao. Hata leo, miaka ishirini baadaye, nikitua likizo napita kibandani kwake na kuulizwa kwa nini nimenenepa, kisha nakabidhiwa brashi nimalizie bango. Kwa hiyo wanaonitumia ujumbe kutoka nyumbani wakitaka niwatafutie mfadhili waanzishe programu ya sanaa ya wiki sita pale mtaani, nawajibu wasihangaike na mfadhili. Vibanda vya mafundi vimejaa kuanzia Tanga hadi Mwenge. Watafute kwanza mtu mmoja asiyeona aibu kwenda kugonga mlango wa kijana ambaye leo hakuja, awe wa kiume au wa kike. Mabinti nao husitishwa masomo, ila kwa kuwa hawakai kijiweni hakuna anayewahesabu.

Kijana wa Bukavu nilikutana naye kituo cha basi, baridi imeanza, kavaa koti jembamba. Alinisalimia kwa mikono miwili. "Papa," akasema, "mungali munachapaka?"

Nikamjibu tunaanza tena Julai. Ilikuwa Oktoba. Akatikisa kichwa kwa adabu, basi lake likaja.