Ng'ombe Aliyening'inia Kidevuni

Ukweni nilibakiza ng'ombe mmoja. Si wa kuswagwa, maana siku hizi ng'ombe wa mahari anahesabiwa kwa noti, na wangu alikuwa laki nane. Nilimwahidi mbele ya wazee kule Lushoto, kwa mdomo huu huu, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Ikapita miaka minne. Wa tano nikajibana, nikala mihogo mchana ofisini, mpaka laki nane ikatimia. Nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikailaza chini ya godoro.

Wiki hiyo hiyo nikaanza kuangalia video za watu wanaosafiri kwa pikipiki.

Ugonjwa huu hauna chanjo. Unaanza na mtu mmoja anakatiza jangwa la nchi za watu, unajikuta saa nane za usiku unabishana na nafsi yako kuhusu fremu 30 na fremu 60 kwa sekunde. Mimi nina Boxer 150, silinda moja, niliyoinunua kwa kijana aliyekuwa akiipigia bodaboda Mbagala. Ikiunguruma hata meno yanahesabika. Lakini kichwani nilishaiona inakata kona za Mombo kwenda Lushoto, ukungu huku, migomba kule, na watu wakiuliza, "Huyu nani?"

Nilianza kwa njia ya watu wenye akili: simu. Nikanunua kishikizo cha kwenye usukani, nikabana simu ya mke wangu, iPhone, kwa sababu yangu ina ufa kwenye lenzi. Nikaenda Kigamboni nikarudi. Video ikatoka kama uji unaochemka. Nikasema si kitu. Wiki mbili baadaye simu ikawa haitulii hata ikiwa mezani: mke wangu anampiga picha mtoto, mtoto anatoka na pua mbili. Ndipo nikasoma, nimechelewa, kwamba Apple walishatoa tahadhari Septemba 2021 kuwa mtetemo wa injini ya pikipiki ukipitia kwenye usukani unaweza kuharibu kile kidude cha ndani kinachoituliza lenzi. Walizitaja hasa injini kubwa. Nadhani Boxer yangu haikujua kwamba yenyewe ni ndogo.

"Kuanzia leo," mke wangu akasema, "ukitaka kuharibu, haribu cha kwako."

Mimi nikaichukua kama ruhusa ya kununua.

Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kijana akanionyesha kamera ya elfu tisini. Boksi lilikuwa na maandishi "4K" makubwa kuliko kamera yenyewe. Nikamuuliza kama hiyo 4K, yaani video kali kabisa, ni ya kweli. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Bro, ya kweli inategemea na mfuko wako." Mtu muungwana sana. Akanieleza kuwa kamera nyingi za bei ile zinapiga picha ndogo halafu zinaivuta, kama andazi lililozidishwa hamira: kubwa kwa macho, ndani hewa. Akanitolea GoPro HERO9 iliyotumika, ile ya mwaka 2020, ya kwanza kwao kuwa na kioo cha rangi hata upande wa mbele. Gramu 158. Inazama maji mita 10, ingawa sikuwa na mpango wa kuendesha Boxer chini ya bahari. Laki sita na nusu.

Nikasimama pale nikiwaza bahasha. Nafsi moja ikaniambia, mahari ni ya wazee. Nyingine ikasema, wazee wamesubiri miaka minne, mwezi mmoja zaidi hauui. Ongeza kadi ya gigabaiti 128 (na usinunue ya elfu kumi na tano iliyoandikwa 512, itameza nusu ya safari na kukutemea mafaili matupu), ongeza pawabenki, ongeza kishikizo cha kidevuni. Nilitoka Kariakoo na ng'ombe mzima kwenye mfuko mbadala.

Kuifunga sasa. Siku ya kwanza niliibandika utosini mwa helmeti kwa kamba zake, maana ndivyo nilivyoona kwa waendesha baiskeli. Nilikuwa naonekana kama jogoo. Natoka uani, kamera ikanasa kamba ya kuanikia, nikafika barabara kuu nikipepea kanga ya jirani mgongoni, ile yenye maneno ya kumsema mke wangu. Mama mwenye kanga alinikimbilia hadi kituo cha daladala. Hilo tulishalisuluhisha.

Siku ya pili nikaifunga kifuani. Kifua ni mahali pazuri kwa mtu mwenye kifua. Mimi nina kitambi, nacho kikainua lenzi ikawa inatazama mbinguni. Nilipata dakika arobaini za nyaya za umeme na kunguru.

Basi kidevuni. Wanaojua mambo haya wanasema kidevuni ndipo penyewe: mikono inaonekana, vioo vinaonekana, barabara iko usawa wa macho. Nikafanya kila kitu kwa kitabu. Nilisafisha helmeti kwa spiriti, nikabandika ile gundi ya pande mbili, nikaiacha saa 24 bila kuigusa, kama mwali. Fundi viatu wa pale kona akanikatia kipande cha ndala kuukuu, tukakipachika katikati kupunguza mtetemo, na nikuambie, kile kipande cha ndala kilifanya kazi kuliko vitu vingi nilivyonunua. Kwenye maiki nikaziba kwa sponji ya kuoshea vyombo ili upepo usivume. Nikaunganisha waya hadi kwenye pawabenki mfukoni, kwa kuwa betri peke yake haifiki mbali. Kilichobaki ni skrubu ya kukaza shingo ya kamera. Hiyo inatakiwa ikazwe kwa spana. Mimi niliikaza kwa vidole, tena vidole vya mtu wa ofisini.

Safari ilikuwa ya Lushoto, msiba mdogo wa upande wa mke. Yeye na watoto walitangulia kwa basi. Baba mkwe alikuwa dereva wa Bedford zamani, akishusha mboga kutoka milimani kuja Dar. Sasa goti limekataa, hashuki tena. Nilimpigia simu usiku wa kuamkia safari: "Baba, kesho nakuletea kona zako zote za Soni kwenye televisheni." Akafurahi mpaka akasahau kuniuliza habari za ng'ombe. Nilidhani amesahau.

Niliondoka alfajiri kwa njia ya Bagamoyo, nikatokea Msata, pale nikawasha kamera. Kwenye daraja la Wami nikapunguza mwendo ili mto uonekane vizuri. Nilipovuka nikaiamuru isimame. Ndiyo, inasikia maneno, ila Kiswahili haikijui, kwa hiyo nikaiamuru kwa Kiingereza changu cha Mbagala. Ikatakiwa ilie mlio wa kukubali. Kwa upepo ule hata honi ya lori sikuisikia, nikaamini imelia. Na taa yake nyekundu, kwa kuwa iko chini ya kidevu, mwenye kidevu haioni.

Tangu hapo nikawa naendesha nikijua niko peke yangu. Wenye pikipiki mnajua: ndani ya helmeti kila mtu ni mhubiri. Niliimba. Nilimjibu bosi wangu. Halafu nikakumbuka kwamba nakwenda kuonana na mzee, na bahasha ni tupu, nikaanza mazoezi.

Baada ya Segera akanisimamisha trafiki, sare nyeupe, tochi ya kupimia mwendo mkononi.

"Hicho nini hapo kidevuni?"

"Kamera, afande."

"Inarekodi?"

"Hapana, afande. Nimezima."

"Yangu inarekodi," akasema, akanigeuzia tochi. Sitini na nane, palipoandikwa hamsini.

Mombo nikashuka kula. Nikatia mafuta, nikavuta pumzi, kwa sababu hapa sasa ndipo kazi yenyewe ilipo: kilomita 33 za kupanda Usambara, mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine, na Soni katikati na maporomoko yake. Nikabonyeza kitufe cha kamera mara moja, kwa heshima, nikapanda. Sitaki kujisifu, lakini nilizikata kona zile vizuri. Kulikuwa na ukungu. Kulikuwa na watoto wanauza matunda damu kwenye vikapu, wakapunga mikono. Lori la kabichi likanipisha. Hakuna kilichokosekana.

Nilifika jioni. Shikamoo kwa wote, pole za msiba, nikakalishwa. Mzee hakupoteza muda.

"Karibu baba. Na yule mwenzetu wa miguu minne amefika?"

"Baba," nikasema, uso umeinama, "fedha ilikuwepo. Muamala umekwama. Mtandao wa benki tangu juzi uko chini."

Akatikisa kichwa polepole. "Mtandao," akasema. "Basi. Hebu tuone barabara yangu."

Sebule ikajaa. Wazee wawili wa msibani, mama mkwe, mke wangu, watoto, majirani mlangoni. Shemeji yangu, kijana wa kidato cha nne, akachomeka kadi nyuma ya televisheni. Faili zikatokea. Nikaona ya mwisho imeishia Mombo, saa nane na dakika kumi. Nikahisi ubaridi fulani sehemu ambayo si ya kuitaja ukweni. Kwa kile kitufe sikuwa nimewasha kamera. Nilikuwa nimeizima.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Msata, lami, Wami, mto, watu wakaguna kwa raha. Halafu ile skrubu ya vidole ikaanza kulegea. Upeo wa macho ukapanda taratibu, kama bendera asubuhi. Ikaja tangi, ikaja mshipi, ikaja mimi. Kuanzia Mkata kwenda mbele hakukuwa na Tanzania, kulikuwa na kitambi. Tena kamera ile ina uwezo wa kutuliza picha hata barabara ikiwa mbovu, kwa hiyo kitambi changu kilitulia pale kwenye inchi 43, angavu, kama mwezi wa kumi na nne.

"Ni nini hiyo?" akauliza mzee mmoja wa msibani.

"Ni shemeji," akasema shemeji.

Ningeruka niing'oe kadi, lakini hapo ndipo sauti ilipoingia. Sponji ya vyombo ilifanya kazi yake.

"Shikamoo baba," nilisema mle ndani ya televisheni. "Baba, ng'ombe tumempata, ila daktari wa mifugo amezuia kusafirisha. Hapana. Atataka jina la daktari."

Kimya sebuleni. Shemeji akanyoosha mkono kwenye rimoti. Mzee akasema, "Acha."

"Baba, muamala umekwama, mtandao wa benki uko chini." Kitambi kikatikisika kwa kicheko. "Hii inafaa."

Ikapita Segera, trafiki akaniuliza kama inarekodi, nikamwambia hapana afande, na sebule nzima ikaniangalia. Segera ikabaki nyuma.

"Baba, nikuambie ukweli? Ng'ombe wako nimemning'iniza kidevuni! Laki nane, kwato na yote!" Halafu nikaimba.

Mke wangu alikuwa ameziba uso kwa mtandio. Mabega yanacheza, na sikuweza kujua ni kilio au nini. Korogwe nilisikika nimesimama sheli, injini imezimwa, sauti safi kama ya redio:

"Baba, ng'ombe yupo, nimeshamlipia. Ila jana tumegundua ana mimba. Nikaona, kwa nini nimletee baba mkwe mmoja, wakati nikisubiri kidogo atapata wawili?"

Mombo ikawa ya mwisho. Nilikuwa namwambia muuza chipsi aniongezee mayai, kwa sababu nilikokuwa nakwenda chakula hupikwa kwa kuogopa chumvi. Hapo picha ikakatika.

Mama mkwe akainuka bila neno, akaenda jikoni. Akarudi na kopo zima la chumvi, akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Karibu baba," akasema, akakaa.

Mzee alikuwa bado anatazama kioo cheusi. Nikapiga magoti, nikaanza kutafuta maneno, na safari hii sikuwa na mazoezi yoyote.

"Ile ya Korogwe," akasema.

"Baba?"

"Ile ya Korogwe ilikuwa nzuri. Ya mimba. Hiyo ningeikubali, ningekaa nasubiri ndama. Mbona umefika hapa ukaniletea ya mtandao?"

Sikuwa na jibu. Wazee wa msibani walikubaliana naye. Mmoja akasema hata ile ya daktari wa mifugo ilikuwa na nafasi, kama ningeweka jina.

Mzee akamwita shemeji, akamwambia alete helmeti. Akaigeuzageuza, akaigonga kamera kwa ukucha, akasoma kile kioo cha mbele akiwa amekunja uso. Akauliza kama kweli ni laki nane. Nikasema pamoja na kadi. Akaichomoa kwenye kishikizo, ikatoka kirahisi, skrubu ilikuwa imebaki nyuzi mbili.

"Ng'ombe amefika," akawatangazia. "Nyie ni mashahidi." Akampa shemeji na kumwambia kesho asubuhi ateremke nayo Soni, akapige kona zote, na aikaze kwa spana.

Nikashukuru, nikafuta jasho, nikaanza kukunja waya wa pawabenki nirudishe mfukoni. Mzee akanishika mkono.

"Na huyo ndama naye mwache," akasema. "Bado wanategemeana."